Uchovu wa Wahudumu wa Afya: Maswali Yanayoulizwa Ruangwa na Nachingwea

Kuchoshwa na kazi ni ugonjwa?

Hapana. Katika orodha ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani (WHO) limeuweka uchovu huu kama hali inayotokana na msongo wa kazini uliokaa muda mrefu bila kushughulikiwa. Ina sura tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na kujiona hufanyi tena la maana. Hiyo ya pili ndiyo wagonjwa huiona kwanza. Mjamzito anafokewa kabla hajaeleza kilichomleta, au anaitwa "yule wa kitanda cha nne" wakati jina lake limeandikwa kwenye kadi. Uchovu hauhalalishi kufoka. Ila ukijiona umeanza, usisubiri kuitwa na mganga mfawidhi.

Mazoezi ya utulivu wa akili ni nini, na je, ni dini?

Ni kuirudisha akili kwa makusudi kwenye jambo unalolifanya sasa hivi, bila kujilaumu kwamba ilitangatanga. Mwaka 1979 mwanasayansi Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha mazoezi haya wagonjwa wenye maumivu sugu katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani. Aliyatoa kwa Wabudha, akayafundisha bila ibada. Mwislamu au Mkristo anaweza kuyafanya, na sala yake ikabaki palepale.

Muda nitaupata wapi, na zahanati niko peke yangu?

Hili ndilo swali lenyewe. Asubuhi ya kliniki ya watoto, akina mama wamejaa barazani na kadi mkononi, mizani inasubiri, vitabu vya takwimu vya MTUHA havijajazwa, na ndani kuna mwenye uchungu. Kumwambia mtu wa hali hiyo akae kimya nusu saa ni kumdhihaki.

Tumia muda ambao tayari ni wa lazima: kunawa mikono. Kwa maji na sabuni, mwongozo wa WHO unataka sekunde 40 hadi 60. Fungua koki ya ndoo. Sikia ubaridi wa maji, nyayo zilivyokanyaga sakafu, pumzi inavyotoka. Akili itakimbilia kwa mgonjwa aliyetoka, au kwa gari la rufaa ambalo halijafika. Irudishe kwenye mikono, hata kama ni mara tano. Kisha mwite anayefuata kwa jina.

Kwa aliyeshuhudia mama au mtoto akifariki mikononi mwake, kufumba macho kunaweza kuirudisha picha ile. Usifumbe. Tazama kitu kilicho mbele yako, na ukizidiwa, acha.

Mazoezi haya yanatosha?

Hayatoshi, na mwajiri asiyafanye kisingizio. Watafiti wa Manchester, Uingereza, walipitia tafiti 19 kuhusu madaktari, na mwaka 2017 wakaeleza kwamba kurekebisha kazi yenyewe kulipunguza uchovu zaidi kuliko kumfundisha mtu mmoja mmoja astahimili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya dakika 60 akifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, pumziko la saa 24 kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Lakini inaruhusu kumfanyisha mtu kazi wakati wa mapumziko ikiwa kazi haiwezi kuachwa peke yake au hakuna mwingine wa kuifanya. Zahanati ya mhudumu mmoja imo ndani ya mwanya huo kila siku, na dawa yake ni mtu wa pili kwenye zamu.

Andika basi: tarehe, zamu, mapumziko uliyoyakosa. Peleka kwa Mganga Mkuu wa Wilaya kupitia mfawidhi wako, na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, TUGHE, apate nakala. Lalamiko la mdomo huishia kwenye chai ya kikao.

Nikitafuta msaada, wenzangu wakijua je?

Usingizi ukikukimbia wiki mbili, au ukawa hulali bila pombe, muone daktari. Mawazo ya kujidhuru hayangoji kesho. Mwambie mtu leo hii, akusindikize. Ni kweli miji yetu ni midogo, na anayekupima presha ndiye mtakayekaa naye mkeka mmoja harusini. Wa Ruangwa anaweza kwenda Nachingwea, wa Nachingwea akaja Ruangwa, au wote wakaenda hospitali ya Nyangao au ya Ndanda. Mratibu wa afya ya akili wa wilaya unaweza kumpigia mwenyewe, bila kupitia kwa mfawidhi.