Somo: Diski Ikianza Kulia



Hapa Bwera majina na michango ya wanachama tunayaweka katika kompyuta ya mkononi. Ikianza kupiga kelele na kukwama, tusipuuze. Tusikilize kwanza. Mvumo kama wa upepo mara nyingi ni feni yenye vumbi, hiyo husafishwa. Lakini mlio wa tik-tik unaorudiarudia ni dalili ya diski kufa.

Ndani ya diski ya namna hiyo mna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Kichwa kinachosoma huelea juu yake bila kuzigusa. Kikizigusa, hukwaruza yaliyoandikwa.

Basi tufanye hivi:

1. Ikiwa bado inafunguka, tunakili orodha ya wanachama kwanza, mengine baadaye.
2. Ikigoma, tuizime. Tusiiwashe tena na tena. Tuipeleke kwa fundi.
3. Tusiifungue diski yenyewe. Chembe ya vumbi huiharibu.
4. Tuizime kabisa kabla ya kupanda nayo bodaboda kwenda Kasese.

Diski mpya zisizo na sahani hazilii, lakini nazo hufa. Kwa hiyo nakala mbili ni lazima, moja ikae nje ya ofisi. Jina la mwenzetu likipotea, atadai haki yake kwa ushahidi gani?