Hesabu ya Vitumbua: Somo kwa Wote Wanaochora na Kuficha Chini ya Kitanda

Mimi ni mwanafunzi wa ualimu, mwaka wa tatu, na nimerudi juzi tu kutoka kwenye mazoezi ya kufundisha. Huko nimeandika andalio la somo kila siku mpaka vidole vikaota sugu. Mtanisamehe basi kama makala hii nayo imekaa kama andalio la somo. Mkono umeshazoea.

Somo: Kuuza picha uliyoichora mwenyewe.
Darasa: Wanachuo wote wanaochora.
Lengo mahususi: Hadi mwisho wa somo, msomaji aweze kutaja bei ya picha yake kwa sauti, bila kuangalia chini.

UTANGULIZI

Tunafundishwa kuanza na kile ambacho mwanafunzi anakijua. Haya, unachokijua ni hiki: kila jengo la hosteli lina mtu wake wa kuchora. Kwenye jengo letu ni mimi. Mazoezi ya kufundisha yakikaribia, mlango wangu haufungwi. "Mwaya, nichoree moyo wa binadamu kwenye manila." "Dada, nichoree ramani ya Afrika, mito tu, nafundisha kesho kutwa." Nilikuwa nachora usiku, makapeni nanunua mimi, na malipo ni "asante sana, una kipaji wewe!" Mmoja tu ndiye aliyewahi kuniletea chipsi, na mpaka leo namheshimu.

Mwaka wa pili nikaanza kuchora vya kwangu. Nilikuwa naenda Feri asubuhi, saa kumi na mbili, kuwaangalia akina mama wanaonunua samaki mnadani ili wakauze mitaani. Nawachora kwa penseli kwenye daftari, nikirudi naweka rangi. Hela ya rangi za akriliki alinitumia mama kwa simu, elfu thelathini. Mama yangu anauza vitumbua Tanga. Elfu thelathini kwake ni asubuhi nyingi za kuamka saa tisa usiku, na mimi nilijua hivyo wakati napokea ule ujumbe.

Jumamosi moja nikapeleka picha zangu nne kwenye soko la kazi za mikono kule Masaki. Nimekaa kuanzia asubuhi. Watu wanapita, wanasema "nzuri," wanaendelea. Saa kumi jioni dada mmoja akasimama mbele ya picha ya mama wa Feri mwenye ndoo kichwani. Akauliza bei. Mimi nikaangalia viatu vyangu nikasema, "Yoyote tu, dada." Akatoa elfu ishirini. Nikapokea kwa mikono miwili.

Nilirudi hosteli naelea. Nikampigia mama kumpa habari njema.

MAARIFA MAPYA

Hatua ya 1: Gharama

Mama hakupiga vigelegele. Aliuliza, "Kitambaa shilingi ngapi?"

Nikadhani hajanisikia vizuri. Akarudia. "Mwanangu, mimi kabla sijasema kitumbua bei gani, najua mchele, nazi, sukari, mafuta na mkaa. Sasa niambie. Kitambaa shilingi ngapi?"

Tukahesabu pale pale kwenye simu, yeye anauliza, mimi natafuta kalamu. Ile picha ilikuwa na upana wa sentimita 60 na urefu wa 80. Hesabu ilikaa hivi:

Amerikani, mita moja: 4,000
Mbao na fundi wa fremu: 9,000
Rangi nyeupe ya ukuta na gundi: 3,000
Rangi za akriliki zilizotumika: 10,000
Nauli (konda alinitoza siti ya pili kwa ajili ya fremu): 3,000
Mchango wake kwenye ada ya meza: 5,000
Jumla: 34,000

Kimya. Halafu mama akasema, "Kwa hiyo umemlipa yule dada elfu kumi na nne achukue picha yako."

Sikuwa na jibu. Ile elfu kumi na nne haikuwa yangu, ilikuwa ya vitumbua.

Hapa nitoe maelezo kidogo kwa wasiojua kwa nini kuna amerikani kwenye orodha. Kanvasi ya dukani, iliyokwishatengenezwa, ni ghali kwa mwanachuo. Wengi tunatengeneza wenyewe. Unanunua amerikani, unaifua kwanza ili wanga utoke na isije ikakusinyaa baadaye. Ikikauka unaivuta kwenye fremu ya mbao na kuipiga pini kwa nyuma, ukianza katikati ya kila upande na kumalizia kwenye kona, la sivyo itakunja uso kama mtu aliyekula ndimu. Kisha unachanganya rangi nyeupe ya ukuta, ile ya maji, na gundi nyeupe ya mbao, unapaka tabaka la kwanza, unaacha likauke, unapitisha msasa laini, unapaka la pili. Usiporuka hatua hapo, rangi itakaa juu ya kitambaa bila kunywewa. Kazi hiyo yote mnunuzi haioni. Kwake yeye mchoro umeanza pale brashi ya rangi ilipogusa.

Hatua ya 2: Muda

Gharama peke yake si bei. Ukiuza kwa 34,000 umerudisha hela yako na umefanya kazi bure. Ile picha ilinichukua saa 14, sihesabu asubuhi za Feri. Nikajiuliza: saa moja ya kumfundisha mtoto tuisheni nalipwaje? Nikajipangia 2,500 kwa saa. Si nyingi, ila ni kitu ninachoweza kukitetea. Saa 14 mara 2,500 ni 35,000. Ukijumlisha na gharama unapata 69,000. Juu yake nikaongeza 11,000 kwa ajili ya brashi zinazochakaa na picha ambazo zitakaa ndani bila mnunuzi. Bei ikawa 80,000.

Wewe saa yako unaweza kuipa thamani nyingine. Muhimu iwe namba uliyoikokotoa mwenyewe ukiwa umetulia, kabla mtu hajasimama mbele ya meza. Bei inayotafutwa mnunuzi akiwa anakuangalia usoni huwa ni ndogo siku zote.

Hatua ya 3: Kumfundisha mnunuzi

Sasa nina bei, nimeiandika nyuma ya picha kwa penseli. Nikarudi Masaki na picha nyingine ya Feri. Bei haikuuza picha. Watu walikuwa wanaigeuza, wanasoma, wanairudisha taratibu kama sahani ya mgeni.

Kisha akaja baba mmoja na binti yake mdogo. Akaangalia sana, akauliza, "Mbona bahari yako si ya bluu?"

Zamani ningeomba radhi. Siku ile, sijui ni ule ualimu, nikamuuliza na mimi: "Mzee, ulishawahi kufika Feri saa kumi na mbili asubuhi?" Akasema hajawahi saa hiyo. Nikamweleza kwamba jua likiwa bado halijapanda, maji yale yanakuwa na rangi ya jivu lililotiwa maziwa, na kitu chenye rangi kali ni ndoo na khanga tu. Ndiyo maana kwenye picha ndoo nyekundu inaonekana kwanza. Nikamwonyesha binti yake alama za penseli zilizobaki chini ya rangi, akazifuata kwa kidole. Hawakununua. Baba akasema, "Nitakuja," lile la kila mtu.

Jumamosi iliyofuata akaja. "Nimepita Feri leo," akasema. "Kweli si ya bluu." Akaniomba elfu sitini. Nikamsomea hesabu yangu, mstari kwa mstari, kama mama. Tukaishia 75,000. Nakiri, niliposema "sabini na tano" niliangalia chini kidogo. Lengo mahususi nililifikia nusu.

Nilichojifunza pale ndicho kiini cha somo hili. Mtu anayeuliza "mbona ghali?" mara nyingi hakutukani. Hajui anachokiona, na hajui kwa sababu hakuna aliyemwonyesha. Wengi wetu tumemaliza shule bila kushika brashi. Kuuza picha ni kufundisha: unaanza na anachokijua, yaani bahari, ndoo, mama wa samaki, halafu unampeleka taratibu kwenye asichokijua. Ukimpunguzia bei kabla hujamfundisha, umempa jibu kabla ya swali. Atajifunza kitu kimoja tu, kwamba picha ni kitu rahisi.

UIMARISHAJI WA MAARIFA

Tuchukue mifano miwili kutoka kwa waliotutangulia.

Wa kwanza ni Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, mwaka 1932. Alifika Dar es Salaam kutafuta kazi kama wengine, na mwaka 1968 hivi akaanza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za mafuta za kung'aa, aina ile ya kupakia baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi vya mraba. Hakusubiri kanvasi. Picha zake ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, ambako wageni walikuwa wanakuja kufanya manunuzi. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu. Alichora miaka minne tu. Lakini alikuwa ameshawafundisha ndugu na vijana waliokaa karibu naye, na hao wakafundisha wengine, mpaka mwaka 1990 wakawa na ushirika wao. Leo jina lake ni jina la mtindo mzima. Zingatia: alichagua mahali ambapo mnunuzi tayari anapita, na hakuacha ujuzi ufe naye.

Wa pili ni Sam Ntiro wa Machame, Kilimanjaro, mchoraji aliyesoma na kufundisha sanaa Makerere, na baada ya Uhuru akawa balozi wetu Uingereza. Ntiro alichora kazi za nyumbani kwao: watu shambani, migomba, shughuli za kijiji. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, imo kwenye jumba la Museum of Modern Art, New York. Nawaletea mfano huu kwa sababu kuna rafiki aliniambia, "Achana na mama wa samaki, chora tembo na Mmasai, wazungu ndio wanataka hivyo." Chora tembo kama unampenda tembo. Ila pombe ya ndizi ya Machame ilifika New York bila kujifanya kitu kingine.

Jambo la mwisho hapa ni la kisheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaitambua picha yako kuwa yako tangu unapoichora, maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Mtu akinunua picha ananunua ile fremu na kitambaa, hanunui ruhusa ya kuichapa kwenye fulana. Andika hivyo kwenye risiti, hata kama risiti ni karatasi ya daftari.

TAFAKURI

Mwalimu mkweli anaandika pia somo lilikokwama.

Ile picha ya kwanza, ya elfu ishirini, sina hata picha yake ya simu. Sikuitia sahihi, sikuandika jina la aliyenunua. Hasara ya fedha niliifidia, ila picha yenyewe sitaiona tena, na yule mama wa ndoo ndiye niliyempata vizuri kuliko wote. Sasa kila kazi naipiga picha mchana, kwenye mwanga wa dirishani, na kuiandika daftarini: jina, ukubwa, mwaka, rangi gani, nani ameichukua.

Kuhusu marafiki bado napambana. Mwenzako anayesubiri bumu kama wewe hana 80,000. Nimeamua bei ya picha kubwa isishuke kwa sababu ya urafiki, bali nichore kadi ndogo za 3,000 ambazo rafiki anaweza kumudu. Na nikitaka kutoa zawadi, nasema wazi, "Hii ni zawadi." Manila za mazoezi ya kufundisha nazo sasa ni 2,000 na karatasi uje nayo. Wawili walininunia, mmoja ameshanirudia.

Halafu kuna picha ambazo haziuziki, na haimaanishi ni mbaya. Nina ya mama yangu akigeuza vitumbua, mkono mmoja kwenye kijiti, uso umeelekea motoni. Nimeulizwa bei yake mara tatu. Iko ukutani, juu ya kitanda changu.

HITIMISHO NA ZOEZI

Baada ya kuuza ya 75,000 nilimrudishia mama elfu thelathini yake. Akanipigia. "Imefika, mwanangu. Na ya amerikani nyingine umebakiza?" Nilikuwa nimebakiza.

Zoezi la nyumbani:
1. Toa picha moja chini ya kitanda. Andika kila kilichoingia humo, mpaka nauli.
2. Hesabu saa ulizotumia, uipe kila saa thamani unayoweza kuitetea mbele ya mzazi wako.
3. Andika sentensi tatu za kumweleza mtu asiyechora kwa nini picha hiyo iko hivyo.
4. Simama mbele ya kioo, utaje bei. Ukiangalia chini, rudia.