Hamira, Virusi na Unakili wa Kinyumenyume

Kila alfajiri, kuanzia Laini Saba hadi Gatina, hamira huumua unga wa mandazi na hakuna anayeishughulikia. Kumbe hamira ni kiumbe hai! Ndani ya seli yake huishi mkazi aitwaye Ty1. Wataalamu humwita retrotransposoni, lakini jina hilo lisikutishe.

Katika Bayolojia tumefunzwa kuwa habari za urithi hunakiliwa kutoka DNA hadi RNA, kisha RNA hutumika kuunda protini. Chukulia DNA ni kitabu cha mwalimu kisichotoka ofisini. Wewe wanakili noti kwenye karatasi, yaani RNA, waenda nayo darasani. Basi Ty1 ni mjanja. Karatasi yake ikishatoka ofisini hufungwa ndani ya ganda la protini, na humo kimeng'enya huisoma RNA na kuandika DNA upya. Kimeng'enya kingine huibandika DNA hiyo kitabuni, ukurasa mwingine. Nakala ya zamani iko palepale, kwa hivyo sasa ziko mbili!

Howard Temin na David Baltimore walikigundua kimeng'enya hicho kinachonakili kinyume mwaka 1970, katika virusi, kila mmoja kivyake. Kwa upande wa hamira, ushahidi ulikuja 1985. Jef Boeke na wenzake huko Marekani walimchomeka Ty1 kipande cha ziada ambacho hukatwa RNA inapotayarishwa. Nakala mpya zilipochunguzwa, kipande hakikuwamo. Lazima zilikuwa zimepitia RNA. Mimi jaribio hili nalipenda kushinda yote niliyosoma. Ni kama kumshika mwizi kwa alama ya kiatu.

Mbona nawaandikia haya? Kwa sababu virusi vya UKIMWI hunakili vivyo hivyo. Ty1 hana koti la kumtoa seli moja hadi nyingine (kuleni mandazi bila wasiwasi), lakini virusi hivyo wanalo. Kenya ilimtambua mgonjwa wa kwanza 1984, na mwaka 1999 Rais Moi akautangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa.

Siku hizi wengi humeza kidonge kimoja kwa siku chenye dawa tatu. Tenofoviri na lamivudini huzuia unakili. Dolutegraviri huzuia ubandikaji. Ila nakala iliyokwisha kubandikwa haibanduliwi na kidonge. Hukaa kimya kitabuni, ikingoja.

Jirani yetu mmoja hapa Kawangware alipimwa, virusi havikuonekana katika damu, akasema, "Mimi nimepona, sitaki dawa tena." Miezi michache baadaye vilikuwa vimejaa. Nilimweleza habari ya kitabu na karatasi, akanyamaza kidogo, akauliza, "Kwa hivyo kiko ndani tu?" Ndiyo, kiko ndani. Sasa anameza kila jioni. Dawa huzichukua Kibera, ambako hakuna anayemjua, ingawa nauli humuumiza.