Wakubwa Wakiwafundisha Wadogo Uongozi

Somo letu la mwezi huu lahusu jambo ambalo wengi wetu tumezoea kuwaachia walimu peke yao, nalo ni malezi ya viranja wa shule. Shule nyingi za sekondari hapa Kenya zilianzishwa na makanisa, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 bado inampa mdhamini wa shule sehemu yake katika malezi ya kiroho. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba hayatuhusu.

Desturi tunayotaka kuizungumzia ni hii: wanafunzi wa madarasa ya juu, waliokwisha kuonja kazi ya uongozi, huwakusanya viranja wapya walio wadogo kuliko wao na kuwafunza. Hawawafunzi kupiga kengele na kukagua mabweni tu, bali pia kumtambua mwenzao aliyeelemewa na mambo, na kujitunza wao wenyewe wasije wakaelemewa.

Asili ya wanafunzi kufundishana ni ya zamani, na Kanisa letu limo ndani yake. Katika miaka ya 1790 kasisi mmoja wa Kianglikana, Andrew Bell, alikuwa akisimamia shule ya yatima mjini Madras, Bara Hindi. Aliona watoto wa shule za kienyeji wakiandika herufi mchangani kwa vidole, akataka walimu wake waige. Walimu hawakupenda. Basi akampa kazi hiyo mwanafunzi mmoja mdogo awafundishe wenziwe, na ikafaulu. Huko Uingereza Joseph Lancaster naye alitumia njia kama hiyo, mwalimu mmoja akiwa na mamia ya watoto. Lakini ni yeye huyo Lancaster aliyewaadhibu watoto kwa kuwatia katika kapu na kuwaning'iniza darini wachekwe na wenzao! Baadaye Thomas Arnold, mwalimu mkuu wa Rugby toka 1828 hadi 1842, aliwapa vijana wa darasa la juu mamlaka juu ya wadogo, na mtindo huo ukaenea mpaka shule za makoloni. Sisi tulirithi yote mawili, msaada na ukali.

Ubaya wa urithi huo ni kwamba kiranja alipewa mamlaka bila kufunzwa. Alipokea beji siku ya Ijumaa, na Jumatatu akawa anawaadhibu watu anaolala nao bweni moja. Mwezi wa Mei 1999, katika shule moja ya wavulana huko Nyeri, viranja wanne walifungiwa chumbani mwao usiku na wanafunzi wenzao, wakachomwa moto, wakafa. Hatusemi hata kidogo kwamba kosa lilikuwa la vijana wale wanne. Twasema tu kwamba tangu usiku ule, mzazi anayeambiwa kuwa mwanawe amechaguliwa kiranja ana haki ya kuuliza, "Nani atamfunza, na akilemewa atamwendea nani?"

Mambo yamebadilika. Mwaka 2001 fimbo ilipigwa marufuku shuleni. Mwaka 2009, baada ya migomo mingi ya mwaka uliotangulia, liliundwa baraza la kitaifa la wanafunzi wa sekondari, na shule zikahimizwa kuwaacha wanafunzi wajichagulie viongozi. Sheria ya 2013 ikampa mjumbe wa baraza la wanafunzi kiti katika halmashauri ya shule. Lakini kura haimfundishi mtu kusikiliza. Aliyechaguliwa kwa kupendwa huhitaji kufunzwa kama yule aliyeteuliwa kwa ukali wake, pengine zaidi, maana huogopa kuwaudhi waliompigia kura.

Kwa nini basi afunzwe na mwanafunzi mwenzake? Kwa sababu mwanafunzi wa kidato cha nne akisema, "Mimi nilipokuwa kiranja wa bweni nilishindwa kulala," mdogo wake humsadiki. Mwalimu akisema maneno yale yale, huwa hotuba. Tena mkubwa anajua mahali hasa wanafunzi wageni wanapoonewa, na saa yenyewe.

Upo ushahidi kwamba vijana wanaweza kazi hii. Hapa Kenya kuna mpango uitwao Shamiri, ulioanzishwa na Mkenya kijana, Tom Osborn, pamoja na wenzake. Vijana waliomaliza sekondari karibuni huketi na vikundi vidogo vya wanafunzi saa moja kwa juma, kwa majuma manne, wakizungumza juu ya shukrani, juu ya mambo ambayo mtu anayathamini, na kwamba mtu aweza kubadilika. Uchunguzi wa wanafunzi 413, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kuwa huzuni na wasiwasi vilipungua kwao kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma tu. Tuangalie vizuri, lakini: vijana wale walifunzwa kwanza, walikuwa na kitabu cha kufuata, na walikuwa na wakubwa wa kuwaendea. Hawakutupwa tu mbele ya wanafunzi.

Hapo ndipo tunapotia mkazo. Kiranja si daktari wala si mshauri nasaha. Jambo la kwanza ambalo wakubwa wanapaswa kuwafunza wadogo ni kutofautisha siri na hatari. Rafiki akisema amegombana na wazazi, hiyo ni siri yake. Akisema anataka kujiua, au kwamba mtu mzima anamchezea mwili, hiyo si siri tena. Apelekewe mwalimu mlezi, kasisi wa shule au mzazi siku hiyo hiyo, na mtoto asiachwe peke yake. Namba 116 hupigwa bure kwa ajili ya watoto walio taabuni. Zamani wengine walinyamaza kwa kuogopa polisi, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kumhesabu mwenye kujaribu kujiua kuwa mhalifu ni kinyume cha Katiba.

Parokia inaweza kutoa ukumbi siku moja mwanzoni mwa muhula, na chai, na mtu mzima wa kukaa pembeni bila kuingilia. Hilo la kutoingilia ndilo litakalotushinda wengi wetu!

Kwa mazungumzo katika vikundi vya mitaa: Je, viranja wa shule iliyo karibu nasi hufunzwa na nani, na kwa siku ngapi? Mwanao akiwa kiranja, mara ya mwisho ulimwuliza lini habari za usingizi wake, si za alama zake? Tena, katika parokia yetu, ni nani ambaye kijana angeweza kumwendea usiku bila kuogopa kukemewa? Kila kikundi kiandike jina la mtu huyo na kumpa kasisi.