Tambi Moja, Masomo Matano

Hapa Rukuba samaki tunavua wenyewe, lakini sukari, chumvi na siku hizi tambi huja kwa boti kutoka Musoma. Watoto wanazipenda sana. Basi pakiti hiyo isiishie tumboni tu. Itumie kumfundisha mtoto nyumbani. Si lazima uwe mwalimu.

1. Kusoma. Mpe mtoto pakiti aisome kwa sauti: jina, uzito na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kama tarehe imepita, msiipike.

2. Jiografia. Tambi hutengenezwa kwa unga wa ngano. Ngano hulimwa Hanang, Mkoa wa Manyara, na katika nyanda za juu za kusini. Hata hivyo, ngano nyingi tunayokula Tanzania hununuliwa nchi za nje. Je, dagaa wetu hutoka wapi?

3. Hesabu. Pakiti ya gramu 500 ikigawiwa watu 5, kila mmoja atapata gramu ngapi? Tuseme pakiti ni shilingi 2,000 na fungu la dagaa ni shilingi 500. Fedha hiyo itanunua mafungu mangapi?

4. Sayansi. Kwa nini tambi kavu hazivundi? Kwa sababu vijidudu na ukungu huhitaji maji ili vistawi. Dagaa nao hukaushwa kwa sababu hiyo hiyo. Wakaushe juu ya chanja, wasichanganyike na mchanga na kinyesi cha kuku.

5. Afya. Hili ndilo somo kubwa. Mwaka 1975 kampeni ya Chakula ni Uhai iliwafundisha Watanzania kwa vikundi na redio kwamba kushiba si kulishwa vizuri. Ndivyo ilivyo hata leo. Tambi hutia mwili nguvu, lakini protini yake ni ndogo kuliko ya dagaa. Dagaa hujenga mwili, na wakiliwa wazima na mifupa yao huimarisha mifupa ya mtoto. Mchicha na matembele huulinda mwili. Basi mzazi anayeuza dagaa wote ili anunue tambi tupu, ameuza kilicho bora.

Fanya hivi: osha mikono kwa sabuni. Chemsha tambi mpaka zilainike. Tia dagaa waliooshwa, nyanya, mboga za majani na mafuta kidogo. Kwa mtoto mdogo, twanga dagaa wawe unga, na tambi uzikatekate. Mtoto ambaye hajafikisha miezi 6 anyonye maziwa ya mama tu, asipewe hata maji.

Maswali ya kujadili
1. Je, wiki hii watoto wako wamekula dagaa mara ngapi?
2. Ni mboga gani mnaweza kupanda karibu na nyumba?
3. Dagaa wakianikwa mchangani, nani anapata hasara?

Jadilianeni mkiwa na watoto. Nao wana la kuwafundisha.