SINEMA ZA DINI ZIMEKWENDA WAPI?
Somo kwa wakatekumeni



Jioni moja, baada ya mafundisho, mmoja wenu alinijia na simu mkononi. Ndani yake mlikuwa na filamu: mchungaji anakemea kwa sauti kubwa, mtoto anaanguka chini na kukiri kwamba ni mlozi, watu wanashangilia. Akaniuliza: «Mwalimu, hii ni filamu ya dini, maana wanalitaja jina la Yezu. Basi, yule mtoto wa marehemu ndugu yangu, anayekojoa kitandani na kusema usingizini, si mlozi kama huyu?»

Nilishituka sana. Ndiyo sababu leo tutajifunza habari za sinema.

1. Zamani ilikuwaje?

Wakati wa Wabelgiji, makampuni ya migodi na mapadri wa misioni walionyesha sinema usiku katika makambi ya wafanyakazi. Mapadri wengine walitengeneza filamu wenyewe. Padri Albert Van Haelst, huko Kasai, alitengeneza zile za kuchekesha za Matamata na Pilipili. Nako Marekani, makampuni makubwa ya Hollywood yalitengeneza filamu za mambo ya Biblia: The Ten Commandments, juu ya Musa, mwaka 1956, na Ben-Hur, mwaka 1959, iliyopata tuzo 11 za Oscar. Watu wengi mno walikwenda kuzitazama.

2. Kwa nini zilipungua?

Je, zilipungua kwa sababu Mungu amewaacha watu? Hapana. Filamu hizo ziligharimu fedha nyingi, na wenye makampuni walitafuta faida. Televisheni ikaingia majumbani, watu wakapunguza kwenda sinema. Mwaka 1965 ilitoka The Greatest Story Ever Told, juu ya maisha ya Yezu, nayo ikaleta hasara. Faida ilipokoma, makampuni yakageukia mambo mengine.

Mwaka 2004 Mel Gibson alitoa The Passion of the Christ, juu ya mateso ya Bwana wetu. Aliigharimia kwa fedha zake mwenyewe, nayo ikaingiza zaidi ya dola milioni 600. Hata hivyo filamu kubwa za namna hiyo zimebaki chache. Yapo mafundisho hapa: mfanyabiashara anaweza kuihubiri Injili leo na kuiacha kesho. Imani yetu haiwezi kumtegemea yeye.

3. Nani aliketi mahali palipoachwa wazi?

Huko Nijeria, filamu ya Living in Bondage ya mwaka 1992 ilifungua njia ya filamu nyingi za gharama ndogo, zilizouzwa kwa kanda. Nyingi zinasimulia ulozi na wachungaji wanaoushinda. Ile iitwayo End of the Wicked, ya mwaka 1999, inaonyesha watoto kuwa walozi. Leo filamu za namna hii hutufikia hata kwa simu. Si zote mbaya. Lakini jina la Yezu likitajwa ndani ya filamu, filamu hiyo haigeuki kuwa Injili. Mtoto anayekiri pale ni mchezaji. Amefundishwa maneno yake, na kazi ikiisha anarudi nyumbani kula. Mtoto wa jirani yako akisingiziwa, harudi nyumbani: anapigwa, ananyimwa chakula, anafukuzwa kulala sokoni.

4. Kanisa linafundisha nini?

Baba Mtakatifu Pio wa 12, katika barua yake ya mwaka 1957, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, tarehe 4 Desemba 1963, walifundisha kwamba sinema ni zawadi yenye manufaa, lakini Mkristu apaswa kuchagua na kupima anachotazama. Pimeni hivi: Je, filamu hii inanifundisha kumpenda jirani, au kumwogopa? Yezu aliwakumbatia watoto na kuwabariki. Hakumwita hata mmoja mlozi.

Tena, sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009, inayolinda watoto, inakataza kumshitaki mtoto kwa ulozi, na anayefanya hivyo huadhibiwa.

Yule mkatekumeni nilimjibu: «Mtoto huyu amefiwa na baba yake. Mpeleke dispanseri, kisha mlaze karibu nawe.» Alinyamaza kitambo, akaizima simu. Kesho yake niliwaona njiani wote wawili, mtoto amebebwa mgongoni.

Maswali
1. Kwa nini makampuni makubwa yalipunguza filamu za dini?
2. Je, kila filamu inayomtaja Yezu inafundisha Injili? Eleza.
3. Ukisikia mtoto anaitwa mlozi, utafanya nini?

Azimio: Juma hili nitamtafuta mtoto mmoja yatima wa kijiji chetu, nile naye chakula.