Kwa Nini Injini Huchemka Gari Linaposimama

Wenye magari wengi hulalamika kwamba gari lao hukimbia vizuri safari nzima, mshale wa joto umetulia mahali pake, lakini wafikapo mjini na kukwama katika msururu wa magari, mshale huanza kupanda, na punde mvuke hutoka mbele. Hapo mtu hukimbilia kununua rejeta mpya, au hushauriwa kwamba injini ifunguliwe, na fedha nyingi hupotea bure. Twataka kueleza jinsi ya kuutafuta ugonjwa huo kwa utaratibu, maana kule kuchemka wakati wa kusimama ni dalili kubwa, na mtu aijuaye maana yake amekwisha kumaliza nusu ya kazi.

Yafaa kwanza kukumbuka jinsi injini inavyopozwa. Moto uwakao ndani ya silinda hutoa joto jingi kuliko nguvu inayofika kwenye magurudumu. Sehemu kubwa ya joto hilo huchukuliwa na maji yanayozizunguka silinda. Pampu huyasukuma mpaka kwenye rejeta, na humo hupita katika mirija myembamba huku hewa ikipenya katikati yake na kuyaondolea joto, kisha hurudi tena kwenye injini. Basi mambo mawili ni ya lazima: maji yazunguke, na hewa ipite. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, upepo wa safari watosha, na hata feni ikiwa imekufa huenda dereva asijue. Likisimama, upepo huo hukoma, na rejeta hubaki kuitegemea feni peke yake.

Kwa hiyo gari likichemka lisimamapo na kupoa likimbiapo, shaka ya kwanza iwe juu ya feni na mambo yake. Likitulia lisimamapo na kuchemka lipandapo mlima, shaka iwe juu ya rejeta iliyoziba ndani, au themostati isiyofunguka sawasawa. Likichemka wakati wote, basi maji ni machache, au hayazunguki, au pana jambo baya zaidi ambalo tutalitaja baadaye.

Natutwae mfano wa mkulima wa Kinangop mwenye pikapu ya petroli, apelekaye kabichi katika soko la Wakulima mjini Nairobi. Njiani hana taabu. Alfajiri akiwa katika foleni ya kuingia sokoni, maji huanza kutokota. Gari hilo ndilo shamba lake la pili, na injini ikichemshwa mara kwa mara hedi yake hupinda, na kuinyoosha na kubadili gasketi huenda kukala faida ya msimu mzima. Afanye nini?

Aanze asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, afungue kifuniko cha rejeta na kutazama maji. Yakipungua kidogo tu, pampu inapozunguka polepole huweza kuvuta hewa badala ya maji, ndiyo sababu upungufu mdogo huonekana kwanza gari likisimama. Akikitazama kifuniko chenyewe, raba yake iwe nzima na springi yake iwe na nguvu. Watu hukidharau kifuniko hiki, nao hukosea. Mombasa maji yaliyo wazi huchemka kwa digrii 100, lakini Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, huchemka kwa kama digrii 94, na Kinangop kabla ya hapo. Kifuniko kizima huyabana maji hata yasichemke mpaka yamepita digrii 110. Kilicholegea huyaacha yachemke mapema, na mwenye gari hudhani injini imeharibika.

Baada ya maji, feni. Katika pikapu nyingi feni huzungushwa na injini yenyewe kwa mkanda. Mkanda ukibonyezwa kwa kidole gumba katikati ya magurudumu mawili, usishuke zaidi ya sentimita moja hivi, na usiwe umeng'aa kama kioo wala kupasuka. Katikati ya feni hizo mara nyingi pana klachi yenye mafuta mazito ndani yake, ambayo huishika feni kwa nguvu joto linapozidi. Injini ikiisha kupata moto, izimwe, kisha feni isukumwe kwa mkono, kwa uangalifu asije akaungua. Ikizunguka duru kadhaa kwa wepesi bila kukaza, klachi imekufa. Alama za mafuta yaliyomwagika na kuganda vumbi mbele yake ni ushahidi mwingine.

Magari madogo mengi ya siku hizi hutumia feni ya umeme, nayo ina majaribio yake. Acha injini iendelee kuunguruma gari limesimama, utazame mshale. Katika magari mengi feni huanza kuzunguka maji yafikapo karibu digrii 95 au 100. Isipoanza, washa mtambo wa kupoza hewa ndani ya gari, maana katika magari mengi feni huzunguka pamoja nao. Ikiwa sasa yazunguka, mota yake ni nzima, na ugonjwa uko katika kipima joto kinachoiamuru, au katika nyaya zake. Isipozunguka, tazama fyuzi na relei, kisha fundi aipe mota umeme wa betri moja kwa moja. Ikikaa kimya hapo, ndiyo imekufa.

Lakini feni inayozunguka si lazima iwe feni inayofanya kazi. Tumeyaona magari ambayo fundi aligeuza nyaya mbili, na feni ikawa inasukuma hewa mbele badala ya kuivuta nyuma. Bandika karatasi nyepesi mbele ya rejeta: ikivutwa na kushikamana, ni vema, ikipeperushwa, jawabu umelipata bila gharama. Angalia pia lile duara la bati au plastiki linaloizunguka feni. Baada ya ajali wengine hulitupa wakidhani ni pambo, kumbe bila hilo feni huvuta hewa ya kando, wala si ile ipitayo katika rejeta. Mwisho, vumbi, wadudu na mbegu za majani hujaa kati ya rejeta na ile nyingine ndogo iliyo mbele yake. Zioshwe kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, kutoka upande wa injini kwenda nje.

Ikiwa yote hayo ni sawa, liko jaribio moja zuri. Gari likiwa limesimama na mshale unapanda, kanyaga mafuta kidogo mpaka injini izunguke kama mara 1,500 kwa dakika. Katika gari la feni ya mkanda, mshale ukishuka hujui bado kama ni feni au pampu, maana zote mbili zimeongeza mwendo. Katika gari la feni ya umeme, feni haijali mwendo wa injini, kwa hiyo mshale ukishuka, tazama pampu ya maji na wingi wa maji.

Themostati haifai kutolewa na kutupwa, ingawa mafundi wengi hupenda kufanya hivyo. Katika injini nyingine maji hukwepa rejeta inapokosekana, na joto huzidi. Itumbukizwe katika sufuria ya maji yanayopashwa moto. Yapasa ianze kufunguka karibu na digrii zilizoandikwa juu yake, mara nyingi 82 au 88.

Mapovu yanayotoka mfululizo katika rejeta mara injini inapowashwa, moshi mweupe usiokoma, au oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, ni dalili za gasketi ya hedi iliyoungua, na gari hilo livutwe kwa fundi, lisiendeshwe. Gari la dizeli nalo hutoa joto dogo sana likisimama. Likichemka foleni, usichelewe kulipeleka.

Na aliyekwisha kukamatwa barabarani azime mtambo wa kupoza hewa, afungulie hita kwa joto lote ingawa ataona taabu, na mshale usiposhuka azime injini. Kifuniko cha rejeta kisiguswe kwa muda wa saa moja, maana maji yaliyobanwa hurukia uso. Kisha aongeze maji kidogo kidogo injini ikiunguruma, wala asimwage maji baridi juu ya injini yenye moto, kwani hedi hupasuka.